Delphine Seyrig na viazi vya Jeanne Dielman

Kila mara jina la Delphine Seyrig linatokea mu mazungumzo ya sinema ya Kifaransa, watu wanaanza na sauti yake. Kweli, ile sauti iko ya pekee: nzito kidogo, ya pole pole, kama ya mtu anayekusomea barua huku akili yake iko fasi ingine. Kiisha sauti, wanapita ku uzuri. Kiisha uzuri, wanasema: bahati mbaya, ku mwisho akaingia mu mambo ya ufeministi. Mimi nabisha ile "bahati mbaya". Kazi yake ya kuigiza na kazi yake ya kupigania wanawake ni shamba moja, na anayeweka mpaka katikati, nafikiri, hajaziangalia filme zenyewe.

Alizaliwa Beirut mwaka 1932, ju baba yake, Henri Seyrig, alikuwa mtaalamu wa mambo ya kale na alifanya kazi upande ule. Alijifunza teatro Ufaransa, akapita Saint-Étienne kwa Jean Dasté, kiisha akaenda New York na bwana yake, mchoraji Mmarekani Jack Youngerman. Kule alifuata masomo ya Actors Studio. New York njo Alain Resnais alimuona, na mwaka 1961 akamuweka mu L'Année dernière à Marienbad, filme iliyopata Simba wa Dhahabu kule Venezia.

Niseme waziwazi: Marienbad inanichosha. Mwanamke asiye na jina anatembea mu hoteli kubwa, amevaa nguo za Chanel, mwanaume anamwambia walionana mwaka uliopita, yeye anasema hapana. Kila kitu kizuri, kila kitu baridi kama sanamu. Ile filme ilimfanya kuwa picha. Na watu wengi walipenda abakie picha.

Lakini tazama Muriel, 1963, Resnais yule yule. Seyrig hakuwa na miaka mingi zaidi ya 30, na anacheza mama wa Boulogne-sur-Mer aliyeanza kuzeeka, anauza samani za kale mu nyumba yake mwenyewe, na mtoto wa kambo aliyerudi kutoka vita ya Algeria anakaa naye. Nguo za Chanel hamna tena. Iko mtu anayekimbia-kimbia, anasahau, anapoteza pesa ku kazino, anaanza sentensi bila kuimaliza. Venezia ilimpa zawadi ya mwigizaji bora wa kike. Mimi naona pale tayari njo alianza kuivunja ile sanamu, miaka mingi kabla ya mtu yeyote kumwita mfeministi.

Mwaka 1968, mu Baisers volés ya François Truffaut, anaivunja kwa kicheko. Anacheza bibi wa mwenye duka la viatu, na kijana Antoine anamwona kama malaika. Mbele yake kijana anashikwa na woga mpaka anamwita "bwana", kiisha anatoroka. Asubuhi moja yule mama anakuja mpaka mu chumba chake, anakaa, na anamwambia kwamba yeye si malaika aliyetokea, yeye ni mwanamke. Ni dakika chache tu. Ningekuwa natoa kozi ju ya Seyrig, ningeanza pale.

Tufike sasa ku viazi. Mwaka 1971 Seyrig alitia sahihi ku ile barua ya wanawake 343 waliotangaza kwamba walitoa mimba, wakati sheria ya Ufaransa ilikuwa inakataza. Mwaka uliofuata alitoa ushuhuda ku kesi ya Bobigny, ambako msichana mdogo na mama yake walishitakiwa kwa jambo lile lile. Unaweza kuwa na mawazo yako ju ya kutoa mimba, na najua hapa ku page hatutapatana. Ninachotaka uone ni kwamba huyu mtu alikuwa na jina la kupoteza. Kiisha, 1975, akacheza mu Jeanne Dielman, 23, quai du Commerce, 1080 Bruxelles, filme ya Chantal Akerman, Mbelgiji aliyekuwa na miaka 25 tu.

Filme inachukua saa 3 na dakika 21. Mjane anapika, anaosha sahani, anatandika kitanda, anangojea kijana wake arudi ku masomo. Kila mchana mwanaume mmoja anakuja, analipa, anaenda. Siku tatu. Siku ya pili viazi vinaiva kupita. Jeanne anashika sufuria, hajui aipeleke wapi, anatembea nayo mu nyumba. Anatupa vile viazi, anashuka kununua vingine, anakaa ku meza, anaanza kumenya upya. Kisu kinaenda haraka, kinasimama, kinaanza tena. Kwa mkono tu unaelewa kwamba ule mwanamke anabomoka. Siku ya tatu anashika makasi na kuua mteja, na mimi sikushtuka sana. Ku viazi njo nilishtuka.

Sisi wa agronomia tunajua viazi kwa tani kwa hektari. Tunahesabu mbegu, mbolea, dawa ya ukungu, mavuno, hasara ya depo. Hesabu yetu inaishia ku mlango wa jikoni. Masaa ya kumenya hayamo mu jedwali lolote nililojifunza kujaza. Akerman na Seyrig waliweka kamera kamili pale hesabu yetu inaishia, na wakaiacha pale mpaka mtazamaji akasirike.

Swali langu: ju ya nini Seyrig? Mama yeyote wa Bruxelles alijua kumenya viazi kumushinda. Nafikiri jibu ni hili: mama yeyote akimenya viazi hatumuoni, tumezoea. Ule uso wa Marienbad ukiinama ku ganda la kiazi, macho yanakwama. Kwa hiyo ile sanamu ilikuwa na faida, na mwenyewe alijua kuitumia. Kuna picha za video ambazo Sami Frey alichukua wakati filme ilikuwa inatengenezwa: Seyrig anamuuliza Akerman maswali ju ya kila tendo, anataka sababu, na yule mudogo wake wakati mwingine anakosa namna ya kueleza. Mu 2022, kura ambayo gazeti Sight and Sound linapiga kila miaka kumi iliweka ile filme ya kwanza mu dunia nzima. Ni mara ya kwanza filme ya mwanamke kufika pale.

Wakati ule ule alikuwa ameshika kamera yake. Pamoja na Carole Roussopoulos na Ioana Wieder alitengeneza video za bei ndogo. Ile inayonigusa ni Sois belle et tais-toi. Anauliza waigizaji wanawake zaidi ya ishirini, wa Ufaransa na Marekani: kama ungezaliwa mwanaume, ungechagua hii kazi? Wengi wanajibu hapana. Jane Fonda anaeleza namna ku Hollywood walitaka kutengeneza upya uso wake, mpaka kumshauri avunje mataya ili mashavu yaingie ndani. Maidie Norman, Mmarekani mweusi, yuko mule pia, yeye aliyejulikana ju ya kucheza mfanyakazi wa nyumba. Hapa njo lawama yangu: ningetaka filme nzima ju ya ule mama peke yake. Video inapita kwa mtu mwingine, na swali la ngozi linabaki kama chumvi ilionjwa tu.

Wanaosema kazi yake ilikufa kiisha pale, wasome orodha yake vizuri. Wanaume wenye majina makubwa wanapungua, ni kweli. Wanaoongezeka ni Marguerite Duras, Ulrike Ottinger, na tena Akerman. Mwaka 1982 alianzisha na wale wenzake wawili kituo cha Simone de Beauvoir cha kuchunga video za wanawake, na mwaka ule ule akapanda jukwaani Paris kucheza Sarah Bernhardt mzee. Alikufa Oktoba 1990, na miaka 58.

Anayetaka kuanza, asianze na Marienbad. Aanze na Baisers volés, kiisha Muriel. Jeanne Dielman muitafutie siku ambayo umeme iko na megas zinatosha, na tafadhali musiruke pale anaosha sahani.