Mkono wa Tom, Jicho la Mayella

Watoto wetu wengi waliosomea Uingereza wanakijua kitabu cha Harper Lee, To Kill a Mockingbird, kilichotoka mwaka 1960. Sisi wazazi hatukigusi, tukidhani ni cha watoto. Nawaomba, ndugu wasomaji, tukiazime kwao. Ndani yake mna kesi ya ubakaji, na namna tunavyoisoma kesi ile ndivyo tunavyompima binti yeyote anayesema kuwa ameingiliwa kwa nguvu.

Kisa kiko Alabama, miaka ya 1930. Mayella Ewell, msichana mzungu fukara, anadai kubakwa na Tom Robinson, mtu mweusi. Wakili Atticus Finch anamtetea Tom. Mimi ni mhandisi, si mwanasheria, na kilichonivutia ni mpangilio wa ushahidi. Mayella aliumizwa jicho la kulia, kwa hiyo yaelekea aliyempiga alitumia mkono wa kushoto. Mkono wa kushoto wa Tom umelemaa tangu utotoni, baada ya kunaswa na mashine ya pamba. Bob Ewell, baba yake Mayella, anaandikia kushoto. Daktari hakuitwa kabisa. Hata hivyo juri ya wazungu inamtia Tom hatiani. Hawakupima maneno, walipima rangi.

Hapo ndipo wasomaji wengi wanapoishia, na hapo ndipo ninapomlaumu mwandishi. Tukifunga kitabu tunabaki na picha ya mwanamke mwongo na wakili mwema, nayo ni picha ya hatari. Majeraha ya Mayella hayakuwa ya uzushi. Alipigwa kweli, na kitabu kinadokeza kwamba babake alimfanyia mabaya zaidi ya hayo. Atticus anamwuliza kama aliyempiga ni babake, naye hajibu. Baada ya hapo hakuna anayeshughulika naye tena, anarudi nyumba ile ile.

Je, sheria inasemaje? Kwa miaka mingi sheria ya Kiingereza, ambayo mahakama zetu za Afrika Mashariki ziliirithi, ilimtaka jaji aonye juu ya kuliamini neno la mwanamke anayelalamika kubakwa likiwa peke yake. Uingereza iliondoa ulazima wa onyo hilo mwaka 1994. Tanzania ilibadili Sheria ya Ushahidi mwaka 1998: neno la mwathirika peke yake linaweza kutosha, mradi mahakama iridhike kuwa anasema kweli tupu, na iandike sababu za kuridhika huko.

Kuna watakaosema kuwa sheria kama hiyo ingewanyonga akina Tom wengi. Sikubaliani nao. Kilichomwangamiza Tom ni watu kuamua bila kudaiwa sababu. Mhandisi haweki saini chini ya hesabu isiyoonyesha njia. Wale wazungu wangelazimika kuandika sababu zao, wangeandika nini kuhusu ule mkono? Na juri haitoi sababu hata leo hapa Uingereza.

Kesi ya Tom haikuhusu ridhaa, maana yeye anakana kwamba alimwingilia. Kesi nyingi zinazotufikia masikioni si hivyo, mwanamume husema, "Alikubali." Sheria ya Uingereza ya mwaka 2003 inaeleza ridhaa kuwa ni kukubali kwa hiari, mtu akiwa na uhuru na uwezo wa kuchagua. Tena haitoshi mshitakiwa kuamini kuwa alikubaliwa, lazima imani yake iwe na msingi wa maana. Sheria ya Kenya ya mwaka 2006 nayo imeeleza ridhaa kwa namna hiyo hiyo. Sisi tumelelewa kwamba kimya cha mwari anapoposwa ni ridhaa. Ada hiyo ina mahali pake, mbele ya wazee na walii. Haihamishiki ikawa utetezi wa mtu aliyemkuta binti amelewa, amelala au ameshikwa na hofu.

Basi siku binti wa jumuiya yetu atakapotamka neno zito, tusianze na alivaa nini au ni mtoto wa nani. Tuulize maneno yake yanalingana na nini, na yanapingana na nini. Swali hilo lingemwokoa Tom, na lingemfuata Mayella hadi nyumbani kwa babake.