Sahani ya Pili

Ansa anaingia dukani kununua sahani moja, kisu kimoja na uma mmoja. Amemkaribisha mwanamume chakula cha jioni, na kabatini kwake vyombo ni vya mtu mmoja. Hasemi neno juu ya upweke wake, wala hana shoga pembeni wa kumsimulia. Kamera imetulia, mwanamke analipia sahani, nasi tumeshajua ameishi vipi miaka yote hiyo.

Filamu hiyo inaitwa Kuolleet lehdet, yaani majani yaliyokufa, na mwongozaji wake ni Aki Kaurismäki wa Ufini. Ilipoonyeshwa kwenye tamasha la Cannes mwaka 2023 na kupewa Tuzo ya Jopo la Majaji, mzee alikuwa na miaka 66. Baada ya filamu yake ya 2017 alikuwa ametangaza kwamba anastaafu. Nashukuru hakutimiza ahadi hiyo, maana hapa amerudi kwa watu aliowapenda tangu ujana wake: walalahoi wa Helsinki, wale wale wa filamu tatu alizozitoa kati ya 1986 na 1990.

Hadithi yenyewe ni fupi. Ansa, anayeigizwa na Alma Pöysti, hupanga bidhaa supamaketi, na anafukuzwa kwa kuchukua chakula kilichopitwa na muda, ambacho kingetupwa jalalani. Holappa, anayeigizwa na Jussi Vatanen, ni kibarua wa vyuma aliyetekwa na pombe. Wanaonana kwenye karaoke, na siku nyingine wanakwenda sinema pamoja. Wakiagana, Ansa anampa namba ya simu kwenye kijikaratasi. Holappa anakitia mfukoni, anachomoa sigara, na karatasi inapeperushwa na upepo bila yeye kujua. Hata jina la mwanamke hana.

Sasa tazama fundi anavyofanya kazi. Angeweza kutuonyesha Holappa akihangaika mtaa kwa mtaa, usiku kwa usiku. Yeye anampeleka Ansa mbele ya ile sinema na kumwonyesha vipisi vya sigara vilivyorundikana chini. Mtu alisimama hapa, akasubiri, akavuta, akasubiri tena. Rundo la takataka limekuwa barua ya mapenzi, na Ansa ameisoma. Nimeirudia sehemu hiyo mara nyingi, na kila mara nashangaa jinsi ilivyo fupi.

Uchekeshaji wake nao hupikwa kwa moto mdogo. Waigizaji wana nyuso kavu, husema sentensi fupi, hunyamaza, kisha mwenzao hujibu kana kwamba anataja bei ya viazi. Hakuna anayecheka kwenye skrini, kwa hiyo kicheko chote kinabaki kwetu. Waigizaji hao wamesimulia kwamba Kaurismäki hapendi mazoezi mengi na kwa kawaida hupiga kila tukio mara moja tu. Hilo haliwezekani bila kujua mapema taa ikae wapi, kiti kiwe rangi gani na mtu ageuke lini. Mpiga picha wake, Timo Salminen, amekuwa naye tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, na bado wanatumia mkanda wa milimita 35. Ndiyo maana ukuta wa buluu na koti jekundu katika filamu hii vina uzito ambao macho yanautambua kabla ya akili.

Radio ya Ansa ni ya kizamani, na kila akiiwasha inatoa habari za vita vya Ukraine. Mwanzoni niliona kama kiraka. Kadiri filamu ilivyosonga niliona kwamba ni lazima iwepo: watu hawa wawili wanatafutana katika dunia hii hii yetu. Ajali ya kuelekea mwisho, kwangu mimi, imekuja kwa haraka kidogo, ingawa hata hapo hatulazimishwi kutazama damu.

Turudi mezani. Mgeni amekuja, amekula kwenye sahani mpya, kisha Ansa anamwona akinywa kwa siri kutoka kwenye chupa aliyoificha. Baba yake Ansa na kaka yake waliuawa na pombe, mama yake akafa kwa majonzi. Anamwambia wazi kwamba mlevi hamtaki, naye Holappa anaondoka. Halafu Ansa anachukua ile sahani, kisu na uma, anavitupa kwenye pipa la taka. Pöysti halii. Mkono tu unashuka, na roho ya mtazamaji inashuka nao.

Filamu yote ni dakika 81. Ninyi vijana mnaojifunza kuongoza filamu Dar es Salaam, Nairobi na kwingineko, itafuteni. Kabla hamjaongeza muziki wa huzuni, itazameni sahani ile ikinunuliwa, kisha itazameni ikitupwa.