Mtoto Alisema Inaunguza

Video ile ya kufungua hogo, yaani plasta, la mguu mmeiona, maana imepita simu hadi simu katika vyumba vya plasta, na wapo wakufunzi walioanza kuionyesha darasani kama mfano wa kazi safi. Mimi nasema isionyeshwe tena, au ionyeshwe kama mfano wa kosa. Kazi yote ya fundi yule inaangukia kwenye nundu ya nje ya kifundo, pale mtoto aliposema, "Anko, inaunguza," naye akajibu, "Tulia mwanangu, huu haukati, ni mtetemo tu," kisha akaendelea kuburuza diski ya msumeno kuelekea unyayo.

Mazuri yake niyataje niyamalize: mguu aliuegemeza vizuri kwenye mto, mama alimweka upande wa kichwa cha mtoto, koleo la kupanua alilitumia kwa subira, na pamba aliikata kwa mkasi wa ncha butu.

Sasa tukae kwenye nundu. Kabla ya kufika pale, fundi alikuwa ameshuka na diski ileile kutoka chini ya goti, akakata faibaglasi yenye tabaka nyingi kwenye shavu lote la mguu, bila kusimama hata mara moja. Hakuigusa diski kujua joto lake, wala hakuifuta kwa kitambaa kibichi. Alifika kifundoni diski ikiwa imebeba joto la safari nzima. Hapo ndipo mtoto aliposema. Katika chumba kile, yeye peke yake ndiye aliyekuwa na taarifa ya kinachotokea chini ya pamba. Fundi haoni huko, mama haoni, kamera haioni. Taarifa ililetwa mapema, kwa sauti, kwa neno lililo wazi, ikakataliwa.

Na ikakataliwa kwa jibu la swali ambalo halikuulizwa. Mtoto hakulalamika kwamba anakatwa. Kumwambia anayeungua kwamba hakatwi ni kumfunga mdomo, na yule mtoto kweli alinyamaza. Tazameni tena vidole vya mguu wake baada ya jibu lile: vimejikunja, na vimebaki vimejikunja mpaka msumeno ulipozimwa. Fundi alikuwa na dalili ya pili mbele ya macho yake, nayo akaipita.

Wanaomtetea wanasema ngozi haikuonekana na jeraha. Video inakatwa kabla kifundo hakijasafishwa, kwa hiyo hoja hiyo haina pa kusimama. Hata kama ngozi ilitoka salama, uamuzi hupimwa kwa kile fundi alichokijua wakati wa kuuamua. Alijua amekata muda mrefu bila kupumzika. Alijua yuko juu ya mfupa usio na nyama. Alijua mtoto amesema anaungua. Mtu mwenye mambo hayo matatu mkononi anazima msumeno.

Kinachonisikitisha ni kwamba kosa lake tumelifundisha sisi. Tumewakaririsha vijana kwamba msumeno wa plasta "haukati ngozi", tukaishia hapo. Homer Stryker, daktari wa mifupa wa Kalamazoo, Michigan, aliombea hataza msumeno huu mwaka 1945 akaipata mwaka 1947, na wazo lake lilikuwa zuri kweli. Kabla yake watu walihangaika na visu, mikasi mikubwa, na siki ya kulainishia jasi. Diski yake haizunguki. Inakwenda na kurudi katika tao la nyuzi chache tu, zaidi ya mara 10,000 kwa dakika, kiasi kwamba jino la ukingoni husafiri milimita mbili au tatu. Plasta ni ngumu, haina pa kusogea, kwa hiyo inasagika. Ngozi iliyolala juu ya nyama laini husogea pamoja na jino, likienda inaenda, likirudi inarudi, na jino halipati kitu cha kukwaruza.

Sharti la usalama huo ni ngozi kuwa na nafasi ya kusogea. Juu ya nundu ya kifundo haina. Imevutika juu ya mfupa, na ukiikandamiza kwa diski inabaki pale ilipo kama plasta yenyewe. Ndivyo ilivyo pia kwenye kisigino, kwenye kilele cha goti, kwenye nundu ya kiwiko cha mkono upande wa kidole kidogo. Ndivyo ilivyo kwenye pamba iliyolowa damu ikakauka, maana inakuwa ngumu, inagandamana na ngozi, na kuizuia isicheze. Kwa sababu hiyo mstari wa kukata hupitishwa bondeni, mbele au nyuma ya nundu, na huchorwa kwa kalamu kabla mashine haijawashwa. Fundi yule hakuchora mstari. Alipanda juu ya nundu moja kwa moja.

Halafu kuna joto, ambalo wazo la Stryker halikulizuia na wala halikuahidi kulizuia. Msuguano wa mara 10,000 kwa dakika lazima utoke kwa njia ya joto, na faibaglasi hupasha diski kuliko jasi. Mwaka huohuo wa 1947, watafiti Moritz na Henriques wa Marekani walichapisha vipimo vyao vya ngozi na joto, ambavyo kila mtu wa chumba cha plasta angepaswa kuvijua kwa moyo. Ngozi inayoguswa na kitu cha nyuzi 44 za sentigredi huchukua kama saa 6 kuungua. Kwenye nyuzi 60 inatosha kama sekunde 5. Kwenye 70, karibu sekunde 1. Joto likipanda kidogo, muda unaporomoka.

Someni sasa mkono wa fundi kwa vipimo hivyo. Njia sahihi ni kushusha diski wima, kuisikiliza mpaka ukinzani unapolegea na sauti inapobadilika, kuinyanyua papo hapo, kusogea sentimita moja au mbili, kushusha tena. Kidole gumba au cha shahada kinakaa juu ya plasta kama kizuizi, ili diski isizame ghafla inapotoboa. Kwa mwendo huo diski inagusa pamba kwa kufumba na kufumbua, kisha inapumua hewani. Anayeburuza anaiacha diski ndani ya mfereji muda wote, ukingo wake wa moto ukilala juu ya pamba bila kuondoka. Kuburuza kunarefusha muda wa kugusana huku kukiongeza joto, na hayo mawili ndiyo yaliyomo kwenye vipimo vya 1947. Mtu anayeburuza anatengeneza jeraha la mstari mwembamba ulionyooka, na ukiuona mstari huo kwenye ngozi ya mgonjwa hujiulizi umetoka wapi.

Hapa lazima nirudie jambo nililolisema kwenye safu hii hadi baadhi yenu mmelichoka: onyesho la kiganja likomeshwe. Fundi anawasha msumeno, anaugusisha kwenye kiganja chake, anamwambia mtoto, "Unaona? Hauniumizi." Kila kitu katika onyesho hilo ni kinyume cha kazi inayofuata. Diski ni baridi, kwa kuwa haijakata chochote. Mkono haukandamizi. Kiganja kina nyama nene chini yake. Diski inagusa na kuondoka, haiburuzwi. Mtoto anaahidiwa jambo ambalo fundi hawezi kulitimiza kifundoni, na fundi mwenyewe, akilirudia onyesho kila siku, anaanza kuliamini. Video yenu inaanza na kiganja. Jibu la "huu haukati" lilizaliwa pale.

Mtoto aambiwe ukweli, anauweza: "Utasikia kelele kubwa, utasikia mtetemo na joto kidogo. Ukisikia moto, sema, nitasimama." Kisha fundi asimame kweli. Na atakayemwambia mtoto wa kiume kwamba mwanamume halii, huyo aondolewe kwenye chumba cha plasta, kwa sababu anaizima kengele pekee tuliyo nayo.

Diski butu ni mgogoro wangu mwingine wa siku nyingi na wanunuzi wa vifaa. Diski iliyoisha meno haikati, inasugua. Fundi anaifidia kwa kukandamiza, na kukandamiza kunaleta joto na kuzama kwa pamoja. Diski za jasi zinatumika kwenye faibaglasi ilhali ziko zilizotengenezwa ngumu zaidi kwa ajili yake. Fedha ya kununua mashine mpya hupatikana, ya diski za akiba haipatikani.

Waliotutangulia walilijua hili la joto bila vyombo vyetu. Mzee aliyetufundisha chumba cha plasta alikuwa akikata kipande kifupi, anazima, anagusa diski kwa mgongo wa kidole, anaifuta kwa shashi mbichi, ndipo anaendelea. Foleni ilikuwa ndefu wakati ule pia. Mgonjwa akisema "Mzee, moto," alisimama kabla neno halijaisha, akahama upande au akachukua mkasi mkubwa. Mkasi ule wa plasta unachosha mkono na haupendwi na vijana, lakini hauunguzi mtu.

Na mkubwa wao kwangu ni Ignacio Ponseti wa Iowa, aliyetunyooshea matibabu ya miguu kifundo, yaani miguu iliyopinda tangu kuzaliwa, ya watoto wachanga. Mfululizo wake wa plasta hubadilishwa kila wiki, maana yake plasta inafunguliwa mara nyingi kwa mtoto mmoja, na mwongozo wa njia yake unasema msumeno usitumike: plasta iloweshwe, ikatwe kwa kisu cha plasta, hapohapo kliniki, kabla tu ya kufunga nyingine. Sababu zilizotajwa ni hofu ya mtoto na wazazi, na ngozi. Uganda, ambako Shafique Pirani na wenzake waliwafundisha maofisa wa mifupa njia hiyo tangu miaka ya mwanzo ya 2000, imeonyesha kwamba inafanyika vizuri mbali na hospitali kubwa, kwa jasi, maji na mikono yenye subira. Mtaalamu mwenye jina kubwa kuliko sisi sote alikiangalia kiumbe kisichoweza kusema "inaunguza" akaamua kuiweka mashine pembeni. Fundi wa video alikuwa na mtoto anayeweza kusema, akasema, na haikusaidia kitu.

Wapo wengine wasioweza kusema, na hao ndio wanaonifanya nisiliachie jambo hili. Mgonjwa wa kisukari mwenye ganzi ya miguu. Mtoto aliyezaliwa na mgongo wazi. Mgonjwa ambaye bado hajazinduka kutokana na dawa ya usingizi. Mzee ambaye ngozi yake imekuwa nyembamba kama karatasi. Fundi aliyezoea kukata mpaka mgonjwa apige kelele hatajua amemuunguza mtu wa aina hii mpaka bandeji ifunguliwe wodini. Fundi aliyezoea kupuuza kelele yuko hatua moja mbele katika ubaya.

Kwa hiyo, wakufunzi, mtihani wa kufungua plasta ubadilishwe. Mwanafunzi apimwe kwanza kwa mstari wa kalamu, kama umekwepa nundu. Apimwe kama ananyanyua diski kila baada ya kutoboa. Apimwe kama anazima na kupoza bila kukumbushwa. Kisha katikati ya kazi mkufunzi aliyejilaza kama mgonjwa aseme, "Inaunguza." Mwanafunzi ambaye msumeno wake utaendelea kulia baada ya neno hilo amefeli, hata kama plasta imefunguka vizuri kuliko za darasa zima.