Hatua Tatu Kabla ya Mpira

Mwenye kuutazama mpira wa Kimarekani kwa mara ya kwanza aghalabu huustaajabia mkono wa mrushaji, akadhani kwamba siri yote imo begani. Na kijana wa Kibuye, hapa Kisumu, aliyekulia katika kandanda na raga, akikabidhiwa mpira ule wenye umbo la yai, tamaa yake ya kwanza huwa ni kuurusha mbali kuliko wenzake. Hapo ndipo impasapo mwalimu kuuchukua mpira na kuuweka kando, kwa kuwa pasi ya haraka ni elimu ya miguu na ya wakati kabla haijawa elimu ya mkono.

Ushahidi wa jambo hili ni wa tangu zamani. Mwaka 1970, huko Cincinnati, Bill Walsh, aliyekuwa msaidizi wa kocha Paul Brown katika timu ya Bengals, hakuwa naye tena Greg Cook, mrushaji hodari aliyeumia bega mwaka uliotangulia, bali alikuwa na Virgil Carter, mwepesi wa akili na wa miguu, lakini asiyejaliwa mkono wa masafa. Walsh akautumia upana wa uwanja badala ya urefu wake, akafupisha pasi, na akaifungamanisha kila hatua ya mrushaji na hatua ya mpokeaji. Na mwaka 1971 Carter akawashinda warushaji wote wa ligi kwa kadiri ya pasi zilizofika, asilimia 62.2. Maarifa hayo ndiyo Walsh aliyokwenda nayo San Francisco, na Januari 1982 timu yake ya 49ers ikatwaa ubingwa.

Mfano wa pasi hiyo ulio bora kwa vijana ni ule wa wapokeaji wawili wa upande mmoja, tuseme wa kulia. Yule wa nje husimama mguu wa kushoto ukiwa mbele, hupiga hatua kulia, kushoto, kulia, na hatua ile ya tatu huikita ardhini kwa nguvu, kisha hukata kwa mshazari kuingia ndani. Wakati huo huo mrushaji atumiaye mkono wa kulia, akiisha kuupokea mpira, hurudi nyuma kwa hatua zizo hizo, kulia, kushoto, kulia, na hatua yake ya tatu ikitua mpira huondoka. Wahesabu kwa sauti pamoja, mikono mitupu, mpaka miguu yao itue kwa mlio mmoja; na uwanja ukiwa na matope baada ya mvua, mpokeaji afupishe hatua ya tatu, asije akateleza pale pale anapokata.

Mpokeaji wa ndani, kwa upande wake, hukimbilia pembeni, kwenye mstari wa nje, wala hazai matunda kwa kupewa mpira tu, kwani kazi yake kubwa ni kumtia mashakani mlinzi aliye baina ya wapokeaji hao wawili. Mlinzi huyo akimfuata, njia ya mshazari hubaki wazi nyuma yake. Akikaa, aliyekimbilia pembeni hupewa mpira. Mchezaji wa raga aijua hila hii ya wawili kumkabili mmoja, ila katika raga mwenye mpira ndiye amvutaye mlinzi kwa kukimbia, ilhali hapa mrushaji yu mahali pake, na avutaye ni mwenziwe asiye na mpira. Kwa hiyo macho ya mrushaji yawe kwa mlinzi huyo mmoja tu. Mtoto amtazamaye mpokeaji humfichulia adui nia yake, na mpira hunaswa.

Haya yana manufaa zaidi katika mpira wa bendera, utakaochezwa watano kwa watano katika Olimpiki ya Los Angeles mwaka 2028, ambamo mtu huzuiwa kwa kuchomolewa kitambaa kiunoni, na mlinzi anayemvamia mrushaji huanzia umbali wa yadi 7: pasi ya hatua tatu huwa imekwisha kuondoka kabla hajafika.

Na mlinzi akiisha kuizoea njia ya mshazari, akaikimbilia mapema, ndipo mpokeaji afunzwe kukata vivyo hivyo, kuonyesha uso na mikono kana kwamba ataka mpira, kisha kupinda kwenda moja kwa moja mbele, nyuma ya mgongo wa yule aliyeharakisha.