Mbwa wa Willie Mae Thornton

Kwa muda mrefu niliujua wimbo wa 'Hound Dog' kwa sauti ya Elvis Presley peke yake. Nilijaribu kuutafsiri, kalamu ikagoma. Mwimbaji anamkaripia mbwa asiyejua kuwinda. Haya, kisha? Nikauhesabu miongoni mwa nyimbo zinazobebwa na ngoma tu.

Kosa lilikuwa langu: sikuusikiliza kule ulikotoka. Jerry Leiber na Mike Stoller, vijana wawili wa Kizungu wenye umri wa miaka 19, waliutunga baada ya kumwona Willie Mae Thornton akifanya mazoezi. Bibi huyu, mzaliwa wa Alabama, alikuwa na umbo kubwa na sauti kubwa zaidi. Aliurekodi Los Angeles tarehe 13 Agosti 1952. Leiber amesimulia kwamba mwanzoni aliuimba kwa ulaini. Kijana akathubutu kumwelekeza, akajibiwa kwa ukali. Ilimbidi auimbe yeye mwenyewe kwanza, ndipo bibi akaunguruma. Mwaka 1953 ulikaa kileleni mwa orodha ya nyimbo za Wamarekani weusi kwa wiki saba.

Mbwa huyo, basi, si mbwa. Ni marioo, mwanamume anayezungukazunguka mlangoni pa mwanamke ili alishwe, naye mwenye mlango amekwisha kumchoka. Msomaji wa pwani hana haja ya kufafanuliwa. Amelelewa ndani ya mafumbo. Nadhani Siti binti Saad angalicheka kabla ubeti haujesha.

Presley aliupokea kwa kundi la Freddie Bell huko Las Vegas, lililokuwa limekwisha kuyasafisha maneno: likamwondoa mwanamume, likambakiza mnyama. Mnamo Julai 1956 Presley akasimamishwa mbele ya televisheni, amwimbie mbwa wa kweli aliyevishwa kofia. Leiber hakuyapenda kabisa maneno yale mapya. Simnyimi Presley haki yake, sauti yake ina moto. Ila moto huo hauna wa kumuunguza.

Thornton, aliyefariki mwaka 1984, alikuwa akisema kwamba wimbo ule ulimpatia hundi moja tu ya dola 500. Mwishoni mwa rekodi yake, wanaume wa bendi wanabweka na kulia kama mbwa. Tafsiri yangu mpya nimeianzia hapo.