Nimechukia, na Ninapenda

Shairi la 85 la Catullus, mshairi wa Kirumi wa karne ya 1 KK, lina mistari miwili na vitenzi 8. Halina nomino wala kivumishi. Msemaji anachukia na anapenda kwa wakati mmoja, hajui kwa nini, na anaumia. Nilipolitafsiri darasani niliandika “nachukia na ninapenda”, nikadhani nimemaliza.

Kilatini, kama Kiswahili, huweka wakati katikati ya kitenzi, ila kwa mpangilio uliogeuka. Sisi tunaanza na nafsi: a-li-penda. Wao wanaishia nayo: ama-ba-t, “alikuwa akipenda”. Ukiona -ba-, jambo lilikuwa likiendelea. Amabit ni “atapenda”. Amavit, yenye -v-, ni hali timilifu. Ukishakariri jedwali unajiona umeokoka, hadi ukutane na neno la kwanza la shairi hili: odi. Umbo lake ni la hali timilifu, maana yake ni ya sasa. Memini, “nakumbuka”, nalo ni hivyo hivyo.

Kwetu hili si geni. Amelala, amechoka, amesimama: tendo limeshapita, hali imebaki.

Mwaka jana mjomba aliuza shamba la babu bila kumshirikisha mama. Mama hakusema “namchukia”. Alisema, “Nimechukia,” akanyamaza. Kitu kilikuwa kimeingia ndani yake na kukaa.

Tangu siku hiyo nalisoma shairi hili kwa namna nyingine. Chuki imevaa umbo la jambo lililokwisha kutokea. Amo, “ninapenda”, bado iko katika wakati uliopo. Tukizivisha zote mbili -na-, tunazifanya pacha, na shairi linabaki kitendawili cha maneno. Ningeandika: “Nimechukia, na ninapenda.”

Utanipinga kwamba Mrumi alisikia odi kama jambo la sasa tu, kwa kuwa hakuwa na umbo jingine la kuilinganisha nalo. Ni kweli, na tafsiri yangu inasema zaidi kidogo ya alichosema Catullus. Lakini maumivu yanayofunga shairi yanahitaji tofauti hiyo. Chuki iliyokwisha kutulia mtu anaweza kuizoea. Kinachomtesa ni upendo unaoendelea juu yake.

Jumapili iliyofuata, mama alimpikia mjomba wali, akanituma nimpelekee ungali moto.