SHABA IENDAYO USWISI BILA KUFIKA
Uhakiki wa vitabu vya takwimu za utandawazi

Katika semina zetu za uchumi wa siasa, makada huzungumzia takwimu za mashirika ya kimataifa kwa namna mbili. Wako wanaozipokea kama kwamba zimeteremka kutoka mbinguni: Benki ya Dunia imesema, basi mjadala umekwisha. Na wako wanaozikataa zote kwa neno moja, kwamba ni za mabeberu, kisha wakafunga daftari. Makundi haya mawili hugombana sana, lakini kosa lao ni moja. Wote wanatazama tarakimu, na hakuna anayeuliza tarakimu hiyo imepatikana kwa kanuni gani, na kanuni hiyo imewekwa na nani kwa faida ya nani.

Katika makala hii tunakusudia kulihakiki jambo hilo kwa kutumia mfano mmoja tunaoweza kuuona kwa macho yetu, nao ni shaba ya Zambia.

Kada anayeishi Dar es Salaam hana haja ya kusafiri ili aione shaba hiyo. Huja kwa reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860, iliyojengwa kwa msaada wa Jamhuri ya Watu wa China na kukabidhiwa mwaka 1976. Huja pia kwa malori yanayopitia Tunduma. Hufika bandarini na kupakiwa melini. Sasa tufungue vitabu. Kwa miaka mingi tangu katikati ya miaka ya 2000, takwimu rasmi za Zambia zimeitaja Uswisi kuwa mnunuzi wake mkubwa kuliko wote, na kuna miaka ambayo karibu nusu ya mauzo yote ya nje yaliandikwa kwa jina la nchi hiyo. Lakini ukifungua vitabu vya forodha vya Uswisi, shaba ya Zambia iliyoingia huko karibu haipo kabisa.

Tuliwauliza wanafunzi wetu: hapa nani mwongo? Wengine walisema Zambia, wengine Uswisi. Jibu sahihi ni kwamba hakuna aliyedanganya. Kila mmoja alifuata kanuni aliyopewa. Na hapo ndipo tatizo linapoanza.

Kanuni mbili, shaba moja

Biashara ya bidhaa kati ya nchi na nchi huhesabiwa kwa mwongozo wa Umoja wa Mataifa, ambao toleo linalotumika ni la mwaka 2010. Mwongozo huo unatazama mzigo: je, umevuka mpaka? Nchi inayouza hutakiwa kuandika mahali pa mwisho ambapo mzigo unajulikana kwenda wakati unapoondoka. Afisa wa forodha wa Zambia anatazama karatasi aliyoletewa. Mnunuzi aliyeandikwa ni kampuni ya biashara yenye ofisi yake Uswisi. Shehena yenyewe inaweza kuuzwa tena ingali baharini, mara moja au mara tatu. Afisa haujui mwisho wa safari, basi huandika anachokijua.

Urari wa malipo, kwa upande mwingine, huhesabiwa kwa kitabu cha Shirika la Fedha la Kimataifa. Kitabu hicho hakishughuliki na mzigo umepita wapi. Kinauliza mali imetoka mikononi mwa nani na kuingia mikononi mwa nani. Mfanyabiashara wa Uswisi akinunua shaba na kuiuza Asia bila kuitia machoni, ile tofauti ya bei huandikwa kuwa mauzo ya bidhaa ya Uswisi. Katika toleo la mwaka 1993 tofauti hiyo iliitwa huduma. Toleo la sita, la mwaka 2009, likaihamisha na kuiita bidhaa. Kwa hiyo nchi isiyo na mgodi wa shaba, ambayo shaba hiyo haikukanyaga udongo wake, inajipatia mauzo ya shaba kwa kalamu.

Makada lazima wauelewe msingi wa jambo hili. Thamani ya shaba ile imetokana na jasho la wafanyakazi wa Kitwe, Mufulira na Chingola, pamoja na utajiri wa ardhi ambao ukichimbwa haurudi. Lakini kitabu hakiulizi jasho ni la nani. Kinauliza hati ya kumiliki ni ya nani, na faida huandikwa mahali penye hati. Mahusiano ya umilikaji ya mfumo wa kibepari yamegeuzwa kuwa safu za daftari, na daftari hilo linasambazwa duniani kote kama utaalamu usio na upande.

Wala hili si suala la nadharia tupu. Mwaka 2020 Mahakama ya Juu ya Zambia, iliyo ya mwisho nchini humo kwa rufani za namna hiyo, iliamua dhidi ya kampuni ya migodi ya Mopani katika kesi ya kodi. Mamlaka ya mapato ilikuwa imedai kwamba, katika miaka ya fedha kati ya 2006 na 2009, kampuni hiyo iliiuzia shaba kampuni ndugu yake ya Uswisi, ya ukoo wa Glencore, kwa bei ya chini kuliko ile ambayo wangelipa wateja wasio na undugu nayo. Kodi iliyodaiwa ilikuwa karibu kwacha milioni 240. Fedha za namna hiyo ndizo zinazojenga zahanati, na zikikosekana ndizo zinazofanya bajeti ya serikali ikope.

Nani anashika kalamu

Nyumba yenyewe ya takwimu hizi imejengwa kwa miaka mingi. Mfumo wa Hesabu za Taifa ulitolewa na Umoja wa Mataifa mwaka 1953, kazi ikiongozwa na Richard Stone wa Uingereza. Umepitiwa upya mwaka 1968, 1993, 2008 na 2025. Kikundi kinachouratibu kina taasisi tano: Umoja wa Mataifa, Shirika la Fedha la Kimataifa, Benki ya Dunia, Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo (OECD), na ofisi ya takwimu ya Umoja wa Ulaya. Ulaya ina kiti chake. Nchi tajiri zina shirika lao, OECD, ambalo halina hata mwanachama mmoja wa Afrika. Ndilo lililotoa mwaka 2005 kitabu cha vipimo vya utandawazi wa uchumi, kinachopima mitaji, shughuli za makampuni ya kimataifa, uenezi wa teknolojia, na biashara. Ndilo pia linalotoa tafsiri ya neno "uwekezaji wa moja kwa moja" ambayo ofisi zetu huifuata. Umoja wa Afrika hauna kiti katika kikundi hicho.

Ni kweli kwamba mwisho wa yote mfumo hupelekwa mbele ya Tume ya Takwimu ya Umoja wa Mataifa, yenye wajumbe 24, na Afrika ina viti 5. Lakini kila kada aliyewahi kuhudhuria mkutano anajua kwamba anayeandaa rasimu ana nguvu kuliko anayeinua mkono.

Historia inatukumbusha jambo lingine. Miongoni mwa majaribio ya kwanza ya hesabu hizi nje ya nchi tajiri ni yale ya Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia hiyo hiyo. Miaka ya 1940 Phyllis Deane, mchumi kijana aliyekuwa London, alipewa kazi ya kuhesabu mapato ya makoloni, na kazi yake ikachapishwa mwaka 1948 na 1953. Alilazimika kukabili swali hili: faida ya makampuni ya shaba ihesabiwe kuwa mapato ya koloni, kwa kuwa imezalishwa pale, au ya wenye hisa walio mbali? Alikabili pia swali la kazi za akina mama vijijini, kama kusenya kuni, ambazo hazina bei. Maswali hayo yalikuwapo mezani tangu mwanzo. Hayakusahauliwa kwa bahati mbaya.

Mtaji wa makampuni ya mfukoni

Kanuni ya kufuata hati imefika mahali ambapo inawasumbua hata waliyoiweka. Mwaka 2019 wachunguzi, baadhi yao wa Shirika la Fedha lenyewe, walikadiria kwamba karibu asilimia 40 ya uwekezaji wa moja kwa moja duniani, kiasi cha dola trilioni 15, ni wa makampuni ya mfukoni: hayana kiwanda, hayana wafanyakazi, yana anwani tu. Luxembourg, nchi ya watu wapatao 600,000, ilionekana kuwa na uwekezaji wa dola trilioni 4, sawa na Marekani nzima. Nayo Ireland ilitangaza Julai 2016 kwamba pato lake la mwaka 2015 lilikua kwa asilimia 26. Hakuna mkulima wala mfanyakazi wa nchi hiyo aliyeona ukuaji huo mezani kwake. Makampuni ya kimataifa yalikuwa yamehamishia huko umiliki wa mali zao. Kuanzia mwaka 2017 Ireland ikaamua kutangaza kipimo chake cha ziada, kinachoondoa sehemu ya athari za makampuni hayo.

Tujifunze hapo. Nchi ya Ulaya ilipoona kipimo cha kimataifa hakiielezi hali ya watu wake, haikukitupa. Ilikitimiza kama ilivyotakiwa, kisha ikatengeneza chake kando yake.

Kujikosoa

Kundi la pili tulilolitaja mwanzoni litashangilia mpaka hapa. Lisiharakishe. Pengo la shaba ya Zambia limejulikana kwa sababu moja: vitabu vya nchi mbili vinaweza kulinganishwa. Tangu mwaka 1988 forodha za dunia zinatumia orodha moja ya bidhaa, na shaba iko sura ya 74 kote. Bila uratibu huo tusingekuwa na ushahidi, tungekuwa na manung'uniko.

Na ushahidi wenyewe unahitaji uangalifu. Mwaka 2016 shirika la UNCTAD lilichapisha ripoti iliyodai kwamba dhahabu nyingi ya Afrika Kusini ilitoka nchini bila kuandikwa. Ripoti ilikosolewa vikali, kwa sababu sehemu kubwa ya dhahabu hiyo ilikuwa imeandikwa, ila katika fungu lingine la takwimu. Kada anayepiga kelele ya wizi kila aonapo pengo huwapa mabepari silaha: wakithibitisha kosa moja, watacheka hoja kumi zilizo za kweli.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tumeona kwamba mali huweza kupotea na daftari lipo, kama daftari hilo limepangwa na mwingine nasi hatulisomi.

Kwa hiyo wajibu wetu ni huu. Kwanza, vyuo vyetu vifundishe kanuni za takwimu kama vinavyofundisha nadharia ya thamani. Mwanafunzi asome fomu ya forodha, asiishie kwenye hotuba. Pili, forodha, benki kuu, mamlaka ya mapato na wizara ya madini wakae meza moja, walinganishe karatasi za shehena ile ile. Tatu, nchi zetu zitumie vile viti vitano kwa msimamo mmoja ulioandaliwa mapema, tangu rasimu ya kwanza. Nne, tushike mara moja lile lililo jema katika mfumo wa mwaka 2025, ambao unahesabu kupungua kwa maliasili kuwa gharama ya uzalishaji. Kwa kanuni hiyo, tani ya shaba iliyochimbwa haitaandikwa tena kama neema tupu, maana shimo iliyoliacha nalo litakuwa limeingia katika hesabu.